Siku Niliyomtoa Mkaza Mwanangu Nje ya Lango

Aibu yangu haihitaji kutafutwa. Ukishuka hapa Mikindani ukauliza nyumbani kwa Mzee Chengo, na wewe utaulizwa, Chengo yupi, yule aliyemfukuza bibi harusi siku ya karamu yake? Basi ndiye mimi. Mwanzoni nilikuwa nikikataa, nikisema huyo ni Chengo mwengine wa kule Jomvu, lakini uzee umeniondolea nguvu za kukataa, na tena nimeona kwamba mtu akijisema mwenyewe watu humcheka mara moja wakamaliza, akisemwa na wenzake hawamalizi hata miaka. Kwa hivyo kaeni niwaambie yalivyokuwa kutoka kinywani mwangu, na mkitaka kucheka chekeni, ila mjue katika mkasa huu kuna mtu mmoja aliyefanya la maana, na huyo si mimi.

Huyo ni Kadzo, mke wa mwanangu Katana.

Kadzo ni mtu wa Kaloleni. Mamake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Nyevu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na babake ni Mzee Kombe, mrefu, mkimya, akikutazama unajikumbusha makosa yote uliyoyafanya tangu utoto. Mimi asili yangu ni Rabai, lakini Mikindani nimekaa tangu nikiwa kibarua bandarini, tukibeba magunia mgongoni kabla ya makontena kuja kutufukuza (hayo nayo ni mambo mengine, na siwezi kuyasimulia bila kutukana, tuyaache).

Harusi ya Katana na Kadzo ilipangwa vizuri, wazee wakakutana, kila kilichotakiwa Kaloleni kikapelekwa, siku ikatajwa, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe mimi nikateleza. Kulikuwa kumenyesha, na mteremko wa nyuma ya nyumba yetu ukilowa ni kama umepakwa sabuni, nikashuka nao mpaka chini, nikasikia paja limefanya kaa! kama ukuni. Nikalazwa hospitali nikakaa huko karibu miezi mitatu, nimening'inizwa mguu juu kama mbuzi wa buchani. Mke wangu, marehemu Sidi, alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, dada yangu Dama anakaa Timbwani kule Likoni na kila akitaka kuja lazima avuke feri, na Katana yuko kazini kwenye yadi ya makontena kutwa nzima. Sasa nani wa kumtazama mzee?

Wale watoto wawili wakaenda kwa mchungaji siku ya Jumatano, wakafungishwa ndoa mbele ya watu wanne, hakuna karamu, hakuna ngoma, na kilichokuwa kimewekwa cha karamu kikaja kwenye mguu wangu. Saa saba mchana nimelala wodini naona mlango unafunguka, anaingia msichana na gauni jeupe la harusi, mkononi ameshika chupa ya uji. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza, "Mzee, huyu ni malaika au ni muuguzi mpya?" Nikamwambia, "Ni mkaza mwanangu."

Nikamwambia Kadzo siku ile, "Mwanangu, harusi yako nimeilalia mimi hapa. Nikisimama nitakufanyia karamu."

Akasema, "Simama kwanza, baba. Karamu haina miguu, haitakimbia."

Nikasimama, na karamu kweli haikukimbia, ila ilichelewa. Ulipita mwaka na miezi, akazaliwa mtoto wa kike akapewa jina la mke wangu, Sidi, na mimi kila nikimwona Kadzo akipita na ndoo au na mtoto mgongoni ahadi yangu inanichoma. Mwishowe nikasema, mwaka huu ni mwaka huu. Nikamwita dada yangu Dama kutoka Timbwani, tukakaa uani, mimi na yeye na Katana na Kadzo, tupange.

Hapo ningelisikiza watu, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Kadzo alikuwa ameshafikiria yote. Alisema, tena kwa adabu, kwamba karamu ya harusi iliyochelewa ina taratibu zake. Watu waambiwe wazi tangu kwenye mwaliko kuwa ndoa ilishafungwa na hii ni shukrani, asije mtu na kitabu chake cha nyimbo akitafuta kanisa. Kiapo kisirudiwe, maana kiapo si redio kurudia rudia. Watu wasiombwe zawadi, waliokuwa na nia walishaleta wakati wake. Gauni atalivaa, ameshaliongeza kitambaa ubavuni kwa sababu ya uzazi, na hataki mtu ajifanye hakuona. Na mwisho akasema, "Na mimi, baba, nitasimama mlangoni na Katana tuwapokee watu. Wamekuja kwetu, lazima tuwakaribishe wenyewe."

Mimi nikaruka. "Bibi harusi asimame mlangoni kama mkata tiketi?"

"Mimi si bibi harusi tena, baba. Mimi ni mwenye nyumba."

Neno hilo lilikuwa kubwa, lakini lilinipita (sikio langu la kushoto liliharibika bandarini, na la kulia husikia linalolipenda). Kichwani mwangu kulikuwa na harusi moja niliyoalikwa Port Reitz, bibi harusi alikuja na gari lenye maua, wanawake mbele wakiimba, nikajisemea, Kadzo wangu hili hajalipata, aliingia nyumbani kwangu kwa miguu akitoka hospitali na vyombo vya uji, sasa lazima siku hiyo aletwe.

Nikamwambia Dama. Dama akacheka. "Chengo, yule yuko kwake. Utamtoa wapi umlete?"

"Nitamtoa hapa nimlete hapa."

Dama akacheka tena, akadhani natania, akaenda zake Timbwani. Angelijua!

Siku ya karamu, Jumamosi, asubuhi mapema, Kadzo yuko uani anakata vitunguu vya pilau, beseni zima, macho mekundu, machozi yanamtiririka. Nikamwendea nikamwambia mpango wangu, aende kwa mama yake mdogo Port Reitz, apambwe huko, halafu Katana na gari la maua wamfuate saa tano wamlete kama harusi za watu.

Akaweka kisu chini. "Leo, baba? Na wageni wa Kaloleni wanakuja?"

"Ndiyo waje wakuone ukiletwa."

Akanitazama kidogo. Nilimwona anataka kusema kitu, halafu akaangalia mguu wangu, akaona nimeshavaa suti yangu tayari saa moja ya asubuhi, tai nimeifunga shingoni kama kamba ya kisima, akasema, "Haya baba, kama hivyo ndivyo roho yako itafurahi." Wallahi, mtu mwenye subira kama ile sijamwona. Akafuta macho kwa pembe ya leso, akamfunga mtoto mgongoni, akatia gauni na viatu kwenye sanduku.

Na mimi, kwa kumheshimu, nikasema sanduku hilo halibebi yeye. Nikalichukua kwa mikono yangu miwili, nikatoka nalo mpaka nje ya lango, nikalitua kando ya njia asubiri tuk-tuk.

Sasa wasiokuwa watu wetu niwaeleze. Kwetu sisi mwanamke akirudishwa kwao haandikiwi barua wala hapigiwi tarumbeta. Mwenye mji, yaani mkuu wa nyumba, hulichukua sanduku lake akaliweka nje ya lango. Basi. Kila anayepita anajua. Mimi nimezaliwa katika mila hiyo, nimeona masanduku yakitolewa, na asubuhi ile haikunijia akilini hata kidogo, furaha ilikuwa imenijaa mpaka hapa.

Na kama hiyo haitoshi, nikamuaga kwa sauti. Nyinyi mnajua mimi nikisema huwa kama namwita mtu aliye juu ya meli. Tuk-tuk inaondoka, nikapiga kelele, "Usirudi hapa mpaka watu wako wakulete!"

Ng'ambo ya njia alikuwa Mama Riziki, jirani, anakaanga mahamri yake. Mama Riziki ni mtu wa Kaloleni, ukoo mmoja na kina Kadzo. Akaona sanduku. Akaona mtoto mgongoni. Akaona macho ya Kadzo, mekundu kama pilipili. Akamwona mzee mzima, na tai, anafukuza mtu kwa kelele. Nikamwinulia mkono kumsalimu, "Habari ya asubuhi, mama!" na nikacheka. Yeye hakuitika. Nikafikiri mafuta yanamuunguza.

Kumbe ameshashika simu.

Mpaka saa tano mimi naona mambo yanakwenda sawasawa. Turubali limefungwa, viti vimepangwa, kina mama wa kwaya wameketi na sare zao, Katana ameshaondoka na gari la maua kumfuata mkewe, wageni wanaingia wanasema shikamoo, nasema marahaba, karibuni, karibuni. Halafu mpishi akanijia, jasho linamtoka.

"Mzee, mchele."

"Mchele uko stoo."

"Stoo ina kufuli."

Nikaenda nikatazama. Kufuli kubwa. Stoo ile ni ya Kadzo, ndiye anayejua sukari iko wapi na sahani ziko ngapi, na ufunguo hukaa kwenye mkoba wake, na mkoba uko Port Reitz. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi tai inanikaba. Nikampigia Katana simu.

"Baba," akasema, "tuko Changamwe, nimeshamchukua, lakini kuna lori limekwama katikati ya njia na mengine yamejipanga nyuma yake, hatuendi mbele hatuendi nyuma. Kadzo anasema ufunguo anao yeye, usivunje, subiri, na tena simu yake ali..." Pu, simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikasubiri. Saa sita ikapita. Mpishi akarudi, "Mzee, moto unakula kuni bure." Saa saba. Kina mama wa kwaya wameimba nyimbo zote wanazozijua wameanza kuzirudia, na njaa ikiingia katika kwaya sauti ya tatu ndiyo hufa kwanza. Nikaona sasa hii ni aibu. Nikaenda kwa fundi wa jirani nikaazima mtaimbo, nikavua koti la suti nikalitundika kwenye msumari, nikaanza kuipiga ile kufuli.

Na sijui ni shetani gani anayepanga saa. Nimeinua mtaimbo mara ya tatu, nasikia nyuma yangu turubali zima limekuwa kimya. Nikageuka. Watu wa Kaloleni wamefika.

Wamefika bila kuimba. Wakwe wanaokuja karamuni huimba tangu njiani, na hawa hata kikohozi hakuna. Mbele Mzee Kombe, nyuma yake Shangazi Nyevu na leso ameifunga kiunoni (mwanamke akifunga leso hivyo hajaja kula), na nyuma yao wengine kama kumi na tano. Na wamenikuta mimi, baba mkwe, shati limelowa, nimeshika mtaimbo, navunja mlango wa mtoto wao.

"Karibuni, karibuni wakwe zangu!" nikasema, na mtaimbo bado nimeuinua.

Nyevu hakusalimu. "Baba Katana, mtoto wetu yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

"Kuja hapa!"

"Hapa si ndiko umemtoa asubuhi na sanduku? Tangu saa mbili nampigia simu, inalia haishikwi. Mtoto wetu yuko wapi, Chengo?" Na papo hapo akaibonyeza simu yake tena, akaiweka sikioni.

Ndani ya stoo simu ikalia.

Jamani. Ikalia tena. Kumbe Katana ndilo alilokuwa akitaka kuniambia, Kadzo aliacha simu yake stoo inapata chaji akafunga mlango akaisahau. Lakini watu wangejuaje? Wanachoona ni kwamba mwanamke haonekani tangu asubuhi, mlango una kufuli, simu yake iko ndani, na mimi niko mlangoni na chuma.

"Mmemfungia!" Nyevu akaruka mlangoni, anaupiga kwa viganja. "Kadzo! Kadzo mwanangu! Sema neno tukusikie!"

"Hayumo!" nikasema. "Humo mna mchele tu!"

"Mchele unapigiwa simu?"

Mtu mmoja kwenye viti akacheka, akapigwa kiwiko na mkewe. Mzee Kombe akanipokonya mtaimbo mkononi kama unavyompokonya mtoto kisu, akaipiga kufuli pigo moja tu (mimi nilikuwa nimepiga mawili), ikaanguka. Mlango ukafunguka. Magunia mawili ya mchele, masanduku ya soda, sahani, na simu iko juu ya gunia inaendelea kulia. Mpishi, huyo ndiye mtu pekee aliyefurahi pale, akapita katikati ya watu wote, "Samahani, samahani," akajitwika gunia lake akaenda zake.

Wakati huo ndipo dada yangu Dama akaingia langoni, feri ilikuwa imewachelewesha, yuko na wanawake wenzake watano wa Timbwani wanapiga vigelegele kwa nguvu zote. Vigelegele vikawafia midomoni. Dama akatazama wakwe, akatazama kufuli chini, akanitazama mimi.

"Chengo, ulifanya?"

"Nilifanya."

Akakaa chini palepale kwenye mchanga na nguo zake za karamu.

Nikajaribu kueleza. Nikasema nimemtoa ili aletwe. Nyevu akauliza, mwanamke aliyeolewa, mwenye mtoto, hutolewa nyumbani kwake akaletwa tena? Ni gunia la chumvi hilo, unalipima mara mbili? Nikasema nilitaka kumpa heshima. Akasema heshima ya wapi inaanza na sanduku njiani? Kila nililosema lilikuwa la kweli na kila nililosema lilinizamisha. Nikamletea Mzee Kombe kiti, hakukaa. Nikamletea maji, akayasukuma taratibu kwa nyuma ya mkono.

"Maji nitakunywa," akasema, na hilo ndilo neno lake la kwanza, "nikishajua hapa ni nyumbani kwa nani. Kama mtoto wangu ana kwake hapa, nitakunywa. Kama hana, tunamsubiri afike tuondoke naye, na yale mliyoyaleta Kaloleni mtarudishiwa."

Watu mia wamesikia. Nikaona ndoa ya mwanangu inavunjika mbele ya macho yangu, si kwa ugomvi wao wawili, wao hawajawahi hata kurushiana maneno, inavunjika kwa mikono yangu, siku niliyoitaja mimi, chini ya turubali nililolisimamisha mimi. Na hapo, sijui, akili ya kujificha ikaniishia. Nikasema jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Dama.

Nikasema, "Mkwe wangu, nilipolazwa, mimi nilikuwa siwezi kugeuka. Mchana mwanangu yuko kazini, wauguzi wachache, wagonjwa wengi. Huyu mtoto wako alinikogesha."

Lo! Mtu wa kwetu ataelewa. Baba mkwe na mkaza mwana hata mkeka mmoja hawakalii, sahani humpa kwa mikono miwili akageuza uso. Nikasikia wanawake wanashusha pumzi. Lakini nimeshaanza, nikaendelea, machozi na jasho vimechanganyika, tai imekwenda mgongoni.

"Siku ya kwanza nilikataa, nikafunika uso, nikamwambia, mwanangu, hii ni aibu. Akaniambia, baba, wewe funga macho na mimi nitafunga yangu, ugonjwa hauna mkwe. Akafunga macho kweli, ananikogesha kwa kupapasa, ananimwagia maji ya sabuni sikioni. Siku zote zile. Na hakumwambia mtu, nami sikumwambia mtu, na nilipotoka pale nikaapa watu wote watajua ni nani huyu aliyeingia nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yenyewe. Nimeikosea kwa sababu sina akili, lakini kumfukuza? Mimi nimfukuze huyu? Nitamfukuza na nini?"

Nyevu akaifungua leso kiunoni, akajipangusa uso, akaifunga tena, lakini sasa aliifunga kwa ulegevu. Mzee Kombe bado amesimama. Akasema, "Nimekusikia. Lakini nitasikia kwake mwenyewe."

Honi ikalia njiani. Gari la maua, maua yenyewe yameshalala kwa jua la Changamwe. Watu wa Kaloleni wakalizunguka kabla halijasimama, Nyevu akaufungua mlango, "Mwanangu, usishuke! Babako anasema, ukitaka tunageuza twende!"

Kadzo akatoa kichwa. Akayaona yote kwa mara moja, babake amesimama juani na kiti kiko tupu kando yake, gilasi ya maji imejaa juu ya meza, mlango wa stoo umevunjwa, mimi nimelowa kama niliyeopolewa, Dama yuko chini mchangani. Hakuuliza hata swali moja. Akampa Katana mtoto. Akavua viatu vya visigino akavishika mkono mmoja, akashuka na lile gauni lenye kitambaa cha ubavuni, akapita langoni kwa miguu yake, hakuna aliyemleta, hakuna aliyemwimbia. Akaenda moja kwa moja stoo, akatoka na leso amejifunga juu ya gauni jeupe, mkononi jagi na gilasi safi kwenye sinia. Akafika mbele ya babake akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu kwangu. Samahani umekuta sipo, nilikwenda kusukwa nywele." Na akammiminia.

Alivyosema kwangu! Alilisema neno hilo taratibu, kama mtu anavyoweka sufuria mezani, na ile ya kusukwa nywele aliisema bila hata kunitazama, akanifunika mimi mzee mjinga mbele ya ukoo wake wote kama alivyonifunika kule wodini. Mzee Kombe akaitwaa gilasi akanywa mpaka nusu, halafu akanyoosha mkono akanipa mimi iliyobaki. Nikanywa. Kwa haraka yangu nusu ya maji ikaingia kwenye shati, haikudhuru, shati lilikuwa limelowa tangu zamani.

"Baba Katana," akasema, na sasa mdomo wake ulikuwa unacheza upande mmoja, "kufuli yako nitakununulia."

Basi Dama akatoka mchangani kwa kigelegele, kina mama wa Timbwani wakadakia, wa Kaloleni wakajibu, kwaya ikaamka, na vumbi likapanda. Pilau ililiwa saa kumi alasiri na hakuna aliyelalamika. Nyevu akanitoza faini palepale, akasema mimi ndiye nitakayewahudumia wakwe kwa mikono yangu, sahani baada ya sahani, na mguu wangu huu, na kila nikimfikia ananiuliza, "Mchele umepiga simu tena?" Na Kadzo na Katana wamesimama pale langoni wanawapokea waliochelewa, kila anayeingia anapewa mkono, anaulizwa habari ya nyumbani, anaonyeshwa kiti. Niliwatazama kutoka kwenye sufuria. Palimfaa kuliko gari lolote la maua.

Mama Riziki naye alikuja, kichwa chini, na beseni la mahamri. Sikumlaumu. Angeona vile akanyamaza ningemwona jirani wa namna gani?

Kwa hivyo nyinyi mnaotaka kufanya karamu ya harusi iliyochelewa, nawaambia kwa yaliyonikuta, msiigize harusi. Yule mwanamke ameshaingia, ameshapika, ameshazaa, ameshawaona mkiwa wagonjwa. Hapelekwi wala haletwi popote, watu ndio wanaokwenda kwake. Na mimi nimeapa, kabla sijagusa chochote katika shughuli ya nyumba hii nitauliza kwanza, hata kama ni kuhamisha kiti.

Mwezi ujao tunambatiza mjukuu wangu Sidi. Juzi nilianza kusema uani, "Sasa mimi nilikuwa nafikiri..." Kadzo akaacha kupepeta mchele, akanitazama na tabasamu lake lile.

"Baba," akasema, "siku hiyo wewe kazi yako ni kukaa kitini na kupokea shikamoo."

Nimekubali. Na kiti nimemwachia achague yeye.